Kupima uhakika wa mtandao wa maji: njia ipi itumike wapi

Ukiuliza mtandao wa maji una uhakika kiasi gani, jibu utakalopewa linategemea sana kipimo anachotumia uliyemuuliza. Mtu wa michoro atakuhesabia njia mbadala kutoka tangini hadi kwa mteja. Mtu wa modeli atakutolea presha ya kila makutano ya mabomba. Mtu wa takwimu atakupa asilimia yenye desimali tatu. Fundi wa zamu, ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo, atakuambia ni valvu ipi haifungi. Wote wanazungumzia uhakika, na majibu yao yanaweza kupishana vibaya.

Hapa nazilinganisha njia zinazotumika zaidi, kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua moja au mbili na kuzitetea mbele ya bodi au mfadhili. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa mtandao uliokwisha kujengwa, ningeanza kwa kufunga vipande vya mabomba (sehemu zilizo kati ya valvu zinazofunga) kimoja baada ya kingine ndani ya modeli ya kompyuta inayofuata presha, yaani inayompunguzia mteja maji presha ikishuka, kabla ya kugusa fahirisi yoyote (namba moja inayofupisha mtandao mzima) na kabla ya kufikiria Monte Carlo, ambayo ni kuiachia kompyuta ibuni hitilafu za bahati nasibu mara nyingi. Kwa mtandao ambao bado uko kwenye karatasi, mpangilio huo unaweza kugeuka.

Kabla ya kulinganisha, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna huduma kukatika kwa sababu kifaa kimeharibika: bomba limepasuka, pampu imeungua, umeme umekatika. Na kuna huduma kudhoofika huku vifaa vyote ni vizima, kwa sababu mahitaji yamepanda au mabomba yamechakaa ndani. Hili la pili husahaulika. Kwenye kanuni ya Hazen-Williams, inayokadiria presha inayopotea kwa msuguano, bomba jipya la chuma cha kalibu hupewa namba ya ulaini ya karibu 130. Kutu ikijenga ndani na namba ikashuka hadi 90, presha inayopotea kwa mtiririko uleule inakuwa karibu mara mbili. Hakuna kilichopasuka, hakuna taarifa ya hitilafu kwenye daftari, lakini wateja wa mwinuko wanaamka usiku kukinga maji. Kipimo kinachohesabu mipasuko peke yake hakitawaona watu hao.

(Ubora wa maji nao ni sehemu ya uhakika, kwa kuwa maji yaliyofika yakiwa machafu hayajafika. Ila una vipimo vyake, na nimeuacha nje ya ulinganisho huu.)

## Mpasuko mmoja, majibu manne

Chukua tangi ambalo uso wa maji yake uko mita 30 juu ya mtaa linaoulisha. Kutoka tangini hadi mtaani kuna mabomba mawili sambamba ya milimita 300, kila moja lina urefu wa kilomita 2. Kwa matumizi ya kawaida msuguano unakula mita 6, kwa hiyo mtaani inafika presha ya mita 24 (presha hapa inapimwa kwa mita za kimo cha maji). Wateja wanahitaji mita 20 ili wapate maji yao yote. Saa ya matumizi makubwa, mahitaji yakipanda kwa asilimia 30, msuguano unafika karibu mita 9.8, presha inabaki mita 20 na ushee. Usanifu umepita.

Sasa bomba moja lipasuke na lifungwe.

Mtazamo wa mchoro, ule wa kuhesabu njia tu, unasema hakuna tatizo: njia kutoka tangini hadi mtaani bado ipo, muunganiko ni asilimia 100.

Modeli ya kawaida, ile inayolazimisha mahitaji yatimizwe, inapitisha maji yote kwenye bomba lililobaki. Mtiririko ukiongezeka mara mbili, msuguano huongezeka mara 3.6, kwa hiyo mita 6 zinakuwa karibu 21.7 na presha ya mtaani inashuka hadi mita 8.3. Saa ya matumizi makubwa modeli hiyohiyo inatoa presha ya mita −5.2. Yaani inakuambia kwa wakati mmoja kwamba wateja wamepata maji yao yote na kwamba presha iko chini ya sifuri. Bomba halisi halifanyi hivyo. Koki inakoroma hewa na ndoo haijai.

Modeli inayofuata presha inakubali kwamba presha ikipungua koki hutoa kidogo. Kwa mfano wetu inasema mtaa utapata asilimia 84 ya mahitaji kwa presha ya mita 14 hivi, na saa ya matumizi makubwa asilimia 73 kwa presha ya mita kumi na nusu.

Jibu la nne ni la fahirisi ya Todini, ambayo nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo inayopendwa na ndiyo inayopotosha kirahisi. Kwa mabomba yetu mawili yakiwa mazima inatoa 0.4. Ondoa mabomba hayo mawili, weka moja la milimita 390 lenye uwezo sawa: inatoa 0.4 vilevile. Bomba hilo moja likipasuka mtaa mzima unabaki mkavu, na fahirisi haikuona tofauti.

## Kuhesabu njia: nafuu, na ina kikomo

Njia ya kwanza huuchukua mtandao kama vitone vilivyounganishwa kwa mistari. Unauliza: nikiondoa mstari huu, kuna kitone kinachobaki peke yake? Kuna daraja, yaani bomba ambalo likikatika upande mzima unatengana na chanzo? Kuna mizunguko mingapi? Data inayotakiwa ni ramani tu, na kompyuta ya kawaida humaliza mtandao wa maelfu ya mabomba kwa muda mfupi.

Faida yake ni kufichua madaraja, na madaraja yanapaswa kujulikana. Mtandao wa matawi ni madaraja matupu. Hata mtandao wa mizunguko mara nyingi huwa na bomba moja linalotoka kwenye chujio au kwenye tangi ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria kama hatari, kwa kuwa limekuwepo siku zote.

Kikomo chake umeshakiona: bomba la milimita 50 na la milimita 600 ni mstari mmoja mmoja. Njia ya kuzunguka ikiwepo lakini ni nyembamba, kwa mchoro upo salama na kwa koki huna maji. Itumie kama chujio la kwanza, ukifika hapo uendelee mbele.

## Fahirisi: za kupanga michoro, si za kupima huduma

Mwaka 2000 Ezio Todini alipendekeza fahirisi ya ustahimilivu ambayo wazo lake ni zuri. Maji yanapoingia mtandaoni yana nishati fulani. Sehemu ya nishati hiyo lazima imfikie mteja kama presha ya chini inayotakiwa. Kinachobaki juu ya hapo ndicho akiba inayoweza kupotea kwenye msuguano. Fahirisi inauliza ni sehemu gani ya akiba hiyo bado haijaliwa ndani ya mabomba. Kwa mfano wetu: akiba ni mita 30 kutoa 20, sawa na 10, iliyosalia ni 24 kutoa 20, sawa na 4, nne kwa kumi ni 0.4.

Uzuri wake ni kwamba inahitaji uigaji mmoja tu, yaani kuendesha modeli mara moja, mabomba yote yakiwa mazima. Kompyuta inapojaribu maelfu ya mchanganyiko wa vipenyo ili kupata mchoro wa bei nafuu, huwezi kuipasulia kila bomba kwenye kila mchoro. Hapo fahirisi inastahili nafasi yake. Lakini akiba ya nishati na njia mbadala ni vitu viwili tofauti, na fahirisi hii inapima cha kwanza.

Prasad na Park mwaka 2004 walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza kipengele cha usawa wa vipenyo: makutano yanayolishwa na bomba nene na jingine jembamba yanakatwa alama, yale yenye mabomba yanayolingana hayakatwi. Ni maendeleo, hasa kwa mizunguko yenye vipenyo visivyolingana. Ila angalia kinachotokea kwenye makutano yenye bomba moja tu: bomba hilo linajilinganisha na lenyewe, alama inakuwa 1 kamili. Bomba letu moja la milimita 390 bado lina 0.4.

Entropia ina tabia nyingine. Ni kipimo cha mtawanyiko, wazo la mwanahisabati Claude Shannon la mwaka 1948 kuhusu habari, likahamishiwa kwenye mitiririko ya maji, na Tanyimboh na Templeman mwaka 1993 walionyesha namna ya kuikokotoa kwa mtandao wenye mizunguko. Maji yakigawanyika sawasawa kwenye njia nyingi entropia inapanda. Yakipita njia moja inashuka. Kwa mabomba yetu mawili sawa ni 0.69, kwa bomba moja ni sifuri. Hatimaye kipimo kinachoona tofauti! Lakini entropia haijui presha. Punguza mabomba yote mawili yawe ya milimita 150 na mtaa usipate hata nusu ya maji yake. Bado mgawanyo ni nusu kwa nusu, bado ni 0.69.

Ushauri wangu: ukitumia fahirisi, tumia Todini na entropia pamoja, na zitumie kupanga michoro ya mtandao uleule kutoka wa nguvu hadi dhaifu. Kulinganisha fahirisi ya mji mmoja na ya mji mwingine hakuna maana, na kumwambia mwanabodi kwamba uhakika wetu ni 0.4 kuna maana ndogo zaidi.

## Uigaji: lazimisha mahitaji au fuata presha?

EPANET, programu ya bure ya shirika la mazingira la Marekani iliyoanzishwa na Lewis Rossman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1993, kwa miaka mingi ililazimisha mahitaji. Kwa usanifu wa mtandao mzima hilo halina ubaya: presha inatosha kila mahali, kwa hiyo kila mteja anapata anachotaka. Shida huanza unapotaka kujua mtandao ulioumia unafanya nini, na uhakika ndilo swali lenyewe.

Toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2020, lilileta uchaguzi wa kufuata presha. Unaipa programu presha mbili. Chini ya ya kwanza mteja hapati kitu. Juu ya ya pili anapata vyote. Katikati anapata kwa kipeuo cha pili, mlinganyo unaohusishwa na Wagner na wenzake, 1988. Ukihitaji mita 20 na ukapata 5, ambayo ni robo, unapata nusu ya maji.

Nani bado atumie njia ya kulazimisha? Anayesanifu mtandao mpya na kutaka kuona kama presha ya chini inapatikana kila mahali. Presha hasi kwake ni kengele tu: ongeza kipenyo. Lakini ukiitumia kwenye tathmini ya hitilafu inakosea pande zote mbili. Inapiga chumvi kushuka kwa presha, kama mita 8.3 ilhali hali halisi ni kama 14, na inaficha maji ambayo hayakufika, kwa sababu kwa hesabu yake yote yamefika.

Zipo presha mbili za kuamua, na hapa watu hukopi tu namba za ripoti iliyopita. Mita 20 zinazotosha nyumba ya chini hazitoshi jengo la ghorofa nne lisilo na pampu. Kama wateja wengi wana matangi ya chini yanayojaza polepole, mlinganyo huu hauwaelezi vizuri: tangi linapokea maji hata kwa presha ya mita 3 na linaendelea kupokea usiku kucha.

## Uwezekano: mabomba mangapi yaharibike kwa pamoja?

Mpaka hapa tumepasua bomba bila kuuliza hupasuka mara ngapi. Tuseme mabomba yetu hupasuka mara 0.2 kwa kilomita kwa mwaka, na ukarabati huchukua saa 12. Bomba la kilomita 2 linakuwa nje saa 4.8 kwa mwaka, kwa hiyo lipo kazini asilimia 99.945 ya wakati.

Zidisha hadi mabomba 100 ya namna hiyo, mtandao wa kilomita 200. Uwezekano wa yote kuwa mazima kwa wakati mmoja ni karibu asilimia 94.7. Muda ambao angalau moja liko nje unajumlika kuwa siku 19 na nusu hivi kwa mwaka. Mawili au zaidi kwa pamoja: kama saa 13 kwa mwaka.

Hesabu hizi ndizo zinazosaidia kuchagua kati ya kuorodhesha hali zote na kuzibahatisha. Katika mabomba 100 kuna hali 100 za bomba moja kuwa nje, hali 4,950 za mawili, na 161,700 za matatu. Njia ya kutafuta makundi madogo ya mabomba ambayo yakikosekana pamoja huduma inashindwa, iliyotumiwa na Su na wenzake mwaka 1987 sambamba na uigaji, huanza na mojamoja kisha jozi. Kwa mtandao wenye hitilafu za kiwango hiki ningeishia kwenye jozi bila wasiwasi.

Monte Carlo inafanya vingine. Unaiacha kompyuta iishi miaka ya kubuni: mabomba yanapasuka kwa bahati, mafundi wanachelewa kwa bahati, umeme unakatika, matangi yanajaa na kuisha. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoshika vizuri suala la muda. Hitilafu ya saa tatu ambayo tangi linaifunika na hitilafu ya saa kumi ambayo tangi halifiki ni matukio tofauti kabisa, na orodha ya hali haioni tofauti hiyo. Gharama yake ni marudio. Tukio lenye uwezekano wa moja kwa elfu linahitaji majaribio kama 100,000 ili kosa la makadirio lishuke hadi asilimia 10. Na ukiilisha kiwango cha mipasuko kilichokisiwa, itakurudishia kisio lilelile likiwa limepambwa kwa desimali.

Kuna jambo jingine kuhusu asilimia. Rudi kwenye mfano wetu. Bomba moja linaacha mtaa mkavu saa 4.8 kwa mwaka. Mabomba mawili yanaleta saa 9.6 ambazo mtaa unapata asilimia 84 ya mahitaji yake, na yote mawili kuwa nje pamoja ni sekunde 9 au 10 tu kwa mwaka, kwa masharti kwamba hayategemeani. Maji yasiyofika kwa muundo wa mabomba mawili ni kama theluthi ya yale ya bomba moja. Tofauti kubwa. Lakini ukiiandika kwa asilimia ni 99.95 dhidi ya 99.98, na hakuna bodi itakayotoa fedha kwa tofauti hiyo. Andika saa na idadi ya wateja.

Na hilo neno "hayategemeani" lina uzito. Mabomba mawili kwenye mtaro mmoja, chini ya barabara moja, kando ya mto mmoja, hayaharibiki kwa kujitegemea. Moja likipasuka maji yanakula udongo wa mwenzake. Hesabu ya sekunde tisa haipo tena, na programu haikuonyi.

## Valvu, ambayo karibu njia zote zinaisahau

Modeli nyingi hufunga bomba kwa kubofya mara moja. Ardhini unafunga valvu, na valvu haziko kila mwisho wa bomba. Kinachotoka kwenye huduma ni kipande chote kilicho kati ya valvu zinazofunga, kikiwa na mabomba yake yote na wateja wake wote. Mhandisi Thomas Walski alilisisitiza hili mwaka 1993, na bado naona tathmini zinazofunga bomba mojamoja kama vile mafundi wana mkasi.

Tuutumie mfano wetu. Mabomba mawili, kila moja na valvu mbili, juu na chini. Tuseme valvu ya chini ya bomba moja haifungi, au imefunikwa na lami na hakuna anayeijua ilipo. Bomba hilo likipasuka, kufunga juu hakutoshi: maji ya mwenzake yanarudi kutokea mtaani na kumwagika kwenye mpasuko. Itabidi yote mawili yafungwe ndipo fundi aingie shimoni. Valvu zote mbili za chini zikiwa katika hali hiyo, kila mpasuko unazima mtaa mzima, na mipasuko sasa ni mara mbili kwa kuwa mabomba ni mawili. Saa 9.6 za ukavu, dhidi ya 4.8 za bomba moja. Njia mbadala iliyogharimu fedha nyingi imefanya huduma kuwa mbaya zaidi.

Hakuna fahirisi hapo juu inayoliona hilo. Todini bado 0.4, entropia bado 0.69. Monte Carlo inaliona ikiwa tu umeipa vipande badala ya mabomba. Ndiyo maana naweka mbele uigaji wa vipande: gawa mtandao kwa valvu zinazofunga kweli, kisha funga kila kipande kwa zamu kwenye modeli inayofuata presha, uandike maji yasiyofika na wateja wasiofikiwa. Mtandao wenye vipande 300 unataka uigaji 300, kazi ya asubuhi moja. WNTR, kifurushi cha bure cha Python (lugha ya kuandikia programu) cha shirika lile la mazingira na maabara ya Sandia ya Marekani, kinagawa mtandao kwa valvu na pia kinakokotoa Todini na entropia, kwa hiyo huhitaji kuchagua programu tofauti kwa kila kipimo.

Kazi kubwa iko kwenye data. Orodha ya valvu zilizochorwa na orodha ya valvu zinazofunga ni orodha mbili, na ya pili hupatikana kwa kutuma watu na funguo.

## Daftari la hitilafu

Njia ya mwisho haina modeli. Unahesabu kilichotokea: mipasuko kwa kilomita 100 kwa mwaka, saa za kukosa maji, wateja walioguswa, presha kwenye vifaa vya kurekodi. Ofwat, mdhibiti wa huduma za maji wa England na Wales, hutumia kipimo cha dakika za wastani ambazo kila mteja amekosa maji, kwa kuhesabu makatizo ya saa tatu na kuendelea. Ni kipimo kigumu kukidanganya na mwananchi anakielewa. Udhaifu wake ni kutazama nyuma: bomba kuu lisilowahi kupasuka kwa miaka 40 lina rekodi safi, na rekodi hiyo haisemi lolote kuhusu siku litakapopasuka.

Hata hivyo bila daftari njia nyingine zote za uwezekano zinaelea. Kitu kimoja cha kuandika ambacho huachwa sana ni saa ya kufunga, tofauti na saa ya kumaliza ukarabati. Ikionekana kwamba kati ya saa 12, saa 5 ziliisha katika kutafuta valvu, umejua pa kuanzia bila kununua bomba hata moja.

| Njia | Unachohitaji | Inachoona | Isichoona |
|---|---|---|---|
| Kuhesabu njia | Ramani | Madaraja, pembe zinazotegemea bomba moja | Presha, vipenyo |
| Fahirisi ya Todini | Modeli, uigaji mmoja | Akiba ya nishati | Njia mbadala, valvu |
| Entropia | Modeli, uigaji mmoja | Mgawanyo wa njia | Kama presha inatosha |
| Kufunga vipande, kwa kufuata presha | Modeli iliyopimwa, valvu zilizokaguliwa | Nani anakosa maji, kiasi gani | Mara ngapi itatokea |
| Makundi na jozi | Hayo ya juu na kiwango cha mipasuko | Jozi hatari | Matangi na muda |
| Monte Carlo | Yote, na historia ya ukarabati | Muda, matangi, umeme | Makosa ya data uliyoilisha |
| Daftari la hitilafu | Nidhamu ya kuandika | Huduma halisi | Hatari ambayo haijatokea |

## Basi uchague ipi

Unasanifu mtandao mpya na unataka kulinganisha michoro mingi: Todini na entropia pamoja, kisha michoro mitano iliyobaki juu uipeleke kwenye kufunga vipande. Usimalizie kwenye fahirisi.

Una mtandao unaofanya kazi na fedha kidogo za kuimarisha: vipande kwanza, halafu zidisha athari ya kila kipande kwa mipasuko yake kutoka kwenye daftari. Orodha itakayopatikana ndiyo orodha ya kazi. Mara nyingi juu yake huwa na valvu za kuongeza au kubadilisha kabla ya mabomba mapya, na valvu ni bei nafuu.

Unaamua ukubwa wa tangi au kama ununue jenereta: hapo Monte Carlo ina kazi yake halali, kwa kuwa swali ni la saa ngapi na sio la bomba lipi.

Huna modeli, una ramani na mafundi tu: hesabu madaraja, kagua valvu, anza daftari leo. Modeli mbovu iliyojengwa haraka ili ripoti iwe na picha za rangi itakugharimu zaidi ya kukosa modeli.

Na kama mtandao wako unaendeshwa kwa mgao, maji siku mbili kwa wiki, uwe mwangalifu na karibu kila kitu nilichokiandika. EPANET huchukulia kwamba mabomba yamejaa muda wote. Haielezi saa za mwanzo bomba linapojaa na hewa inapotoka. Kipimo cha kwanza hapo ni saa za huduma kwa kila eneo na presha inayofika mwisho wa mstari, na swali la kwanza ni kama mgao unagawanywa kwa haki kati ya wa bondeni na wa mlimani. Vifaa vichache vya kurekodi presha, vikihamishwa eneo hadi eneo kila baada ya mizunguko kadhaa ya mgao, vitakujibu hilo kabla modeli haijaisha kujengwa.